Mlango wa Chini

Tarehe 14 Septemba

Velina kanipa daftari hili. Anasema, "Bibi, andika humu, maana ukiendelea kuongea peke yako kibarazani majirani watadhani umerukwa na akili." Mjukuu wangu ana miaka kumi na minne na ulimi wa mtu wa hamsini. Nimekubali, ila kwa sharti langu mwenyewe: kila nikiandika nitatafuta jambo la kushukuru, hata ikibidi nilitafute chini ya kitanda.

Basi. Mimi naitwa Nedyalka, nilikuwa mpishi wa shule ya Vrabchevo mpaka shule ilipokosa watoto ikafungwa. Jana nimefunga nyumba yangu, nikapanda basi, na sasa nakaa Sofia, ghorofa ya saba, kwa mwanangu Rangel na mkewe Pavlina. Pavlina ndiye aliyetangulia, majira ya kuchipua, akajifunza kuendesha tramu. Rangel aliyekuwa dereva wa trekta akamfuata kiangazi, akapata kazi ya kupanga makreti ya vinywaji ghalani. Sasa tumekuja mimi na Velina, yeye kwa ajili ya shule, mimi kwa sababu Rangel alisema hawezi kuniacha na kuku.

Kwa kuwa daftari halina masikio, nitasema: aliyeivunja nyumba yetu ni Pavlina. Ni yeye aliyeutaka mji. Sisi wengine tumemfuata nyuma kama vifaranga.

Nashukuru kitanda hakipigi kelele.

Tarehe 17 Septemba

Mezani: mimi na Velina. Pavlina yuko zamu ya alfajiri, Rangel zamu ya jioni. Wanakutana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Leo nimewasikia kwa masikio yangu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Mazungumzo ya mume na mke ya siku nzima hayo. Vrabchevo tulikuwa tunakula pamoja hata tukiwa tumenuniana. Tukinuniana ndiyo tulikuwa tunakula pamoja zaidi, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosa.

Nashukuru Velina alikula sahani mbili.

Tarehe 22 Septemba

Nimechoma pilipili hoho mbele ya jengo, kama wanavyofanya wote hapa waliotoka kijijini, na ni wengi. Kumbe nusu ya mji huu ni wanakijiji waliojificha. Kuna mama mmoja anakaa nyumba ya chini kabisa, Kapka, mjane, hatoki dirishani. Akafungua kioo.

"Moshi wako wote unaingia kwangu!"

"Harufu nzuri hiyo, vuta tu."

"Na wewe ni nani? Umehamia kwa nani?"

"Mimi ni mtu," nikamjibu, nikaendelea kumenya. Sipendi watu wanaohoji kama polisi.

Nashukuru pilipili zilikuwa nene na ngozi ilitoka bila ugomvi.

Tarehe 3 Oktoba

Mvua. Lifti mbovu. Mezani: mimi.

Nashukuru magoti yangu, yote mawili.

Tarehe 12 Oktoba

Kila siku ya mapumziko Rangel anakwenda Vrabchevo. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku na jozi, zabibu na matope kwenye viatu, uso umemchangamka. Mimi namngojea kwa hamu, anipe habari: fulani kauza ng'ombe, fulani kaanguka, paa letu linavuja kwenye kona.

Leo Pavlina alisema huku anaosha vyombo, bila kugeuka: "Wiki nzima sionani naye. Siku moja tunayopumzika wote, anaipeleka kwa mzabibu."

"Mzabibu haujamkosea kitu," nikasema.

Akafunga bomba, akaenda kulala. Nilijiona nimesema vizuri sana.

Tarehe 19 Oktoba

Leo sina mzaha. Velina amerudi shuleni, ameketi jikoni na koti lake mwilini, akaniuliza, "Bibi, baba na mama wanaachana?"

"Nani kasema upuuzi huo?"

"Hakuna aliyesema. Hakuna anayesema chochote, ndiyo maana nauliza."

Nikamwambia ale. Mpishi akishindwa maneno anasema ale. Lakini nimejaza pilipili wali na nyama mchana kutwa na swali limenikaa kifuani. Sikuhama kijiji changu nije nimwone mtoto huyu anagawanywa Jumamosi kwa huyu, Jumapili kwa yule. Hilo silitaki. Nalisema hapa kwa sauti: hilo silitaki, hata iwe kosa la nani.

Nashukuru ameniuliza mimi.

Tarehe 28 Oktoba

Tumetia kabichi chumvini, akiba ya majira ya baridi. Pipa tumeliweka kibarazani, upande usiopigwa na jua. Rangel anakata kikonyo cha kila kabichi msalaba, anajaza chumvi kwenye shimo, mimi nazipanga, halafu maji ya chumvi, halafu ubao na jiwe. Jiwe kalitoa Vrabchevo kwa basi, katika mfuko wa kitambaa. Dereva alimuuliza amebeba nini, akamjibu, "Jiwe." Hawakuongea tena mpaka Sofia.

Sasa kila baada ya siku mbili tatu lazima maji yafunguliwe kwa koki ya chini, yamwagwe tena juu, la sivyo kabichi inalala na kuoza. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja ainue ndoo, mwingine ashikilie ubao.

Nashukuru leo mwanangu alipiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu nije.

Tarehe 31 Oktoba

Tumegeuza maji ya kabichi. Ukungu.

Tarehe 5 Novemba

Tarehe nane ni siku ya Malaika Mkuu, na jina la Rangel limetoka kwake, kwa hiyo ni siku ya jina lake. Siku ya kuzaliwa unaalika watu. Siku ya jina hualiki, unaweka meza na kufungua mlango, anayekukumbuka anakuja. Mwaka jana Vrabchevo ilibidi tuazime viti vya kanisa.

Nimeagiza nyama ya kondoo. Rangel anajidai hajali. "Nani atakuja, mama? Hapa si kwetu." Lakini nimemwona anapiga pasi shati jeupe.

Tarehe 8 Novemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana nikiacha kitu kitanisumbua.

Niliamka kukiwa giza nikakanda mkate wa Malaika. Supu ya kondoo, nyama ya kuoka na wali, pilipili, kabichi bado mbichi lakini nikatoa moja hivyohivyo. Niliwapikia watu thelathini. Mkono wangu haujui kupika pungufu, ulizoea shule. Pavlina alikuwa ameomba abadilishiwe zamu, akakubaliwa, kisha mwenzake akaugua na saa tano wakampigia simu aje. Akaondoka na sare yake, uso umemwanguka.

"Hata leo?" Rangel akamuuliza.

"Tramu haiwezi kujiendesha, Rangel."

"Najua. Hata trekta haikuweza."

Simu ya Rangel ikaanza kulia, kuna mtu anampa hongera. Mimi nikamwambia azime hicho kidude akitie kwenye droo. Kwetu siku ya jina haipigiwi simu, inaendewa kwa miguu. Anayepiga simu ni kwamba haji. Akacheka, akakubali, akaizima. Ni mimi niliyemwambia.

Saa saba nikafungua mlango wa nyumba, wazi kabisa, nikauwekea kiti usijifunge. Harufu ya nyama ikashuka ngazi zote. Rangel akakaa kichwani pa meza na shati lake jeupe, mikono juu ya kitambaa, kama mtu anayepigwa picha. Velina akawasha redio.

Saa nane. Mvua ikaanza. Saa tisa. Jirani wa mbele akatoka, akasema upepo wa ngazi unaingia kwake, tufunge mlango. Nikamwambia leo ni siku ya jina, karibu, uje ule. Akasema asante, akafunga wake.

"Bibi," Velina akaninong'oneza, "labda hakuna anayejua."

"Malaika Mkuu yuko kwenye kalenda. Mjini hawana kalenda?"

Nilipasha moto supu mara tatu. Kila lifti ilipogonga, Rangel alinyanyua kichwa. Ilikwenda ghorofa ya nane, ikaenda ya tano, ikashuka. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa ameacha kunyanyua kichwa, na mimi nilikuwa nimeacha kumtazama, maana sikuweza. Ni mtu wa miaka arobaini na mitatu, lakini nilimwona kama alivyokuwa mdogo, siku wenzake walipomwacha wakaenda mtoni.

Pavlina aliingia jioni, kalowa, na keki ya dukani mkononi. Akatazama meza iliyojaa, viti vitupu, akaelewa. Akataka kumkumbatia. Rangel akasimama.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mgeni wangu wa kwanza na wa mwisho. Umechelewa, lakini chakula kipo."

"Rangel, tafadhali."

"Hapa ninaishi kwako, Pavlina. Mji ni wako, funguo ni zako, saa ni zako. Mimi ni mtu wa makreti."

"Nani kakuita hivyo? Mimi? Lini?"

"Hakuna haja ya kuitwa."

Halafu yakamwagika ya miezi yote, siyaandiki. Velina alijifungia chumbani. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema keki ya dukani haiwekwi meza ya Malaika. Pavlina akaichukua keki yake, akaiweka kwenye friji.

Nashukuru, sijui. Nashukuru siku imekwisha.

Tarehe 9 Novemba

Rangel ameondoka na basi la asubuhi. Amechukua nguo za kazi na shoka. Akanibusu. "Nakwenda nyumbani, mama. Ukitaka kuja, njoo." Simu kaiacha kwenye droo.

Tarehe 12 Novemba

Leo maji ya kabichi yanatakiwa kugeuzwa na sikuwa na mtu. Nikajaribu peke yangu, ndoo ikaniponyoka, nusu ikamwagikia slipa zangu. Pavlina akatokea, macho mekundu ya usingizi, akainua ndoo bila neno. Ana mikono yenye nguvu. Miaka kumi na sita ni mkwe wangu na sikuwahi kuitazama mikono yake.

Tarehe 15 Novemba

Tumegeuza maji. Pavlina alikuwa akiongea kwa simu kibarazani kabla sijatoka, nikasikia: "Ndiyo, bosi, bado mgonjwa. Mzee sana, hawezi hata kuamka. Ana mtoto mmoja tu wa kumuuguza."

"Nani mgonjwa?" nikamuuliza.

Akawa mwekundu. "Wewe, mama. Nisamehe. Ghalani wangemfukuza kazi. Nimewaambia upo kitandani Vrabchevo."

"Na hali yangu ikoje?"

"Jana ulipata nafuu kidogo."

Nikacheka mpaka ikabidi nishike pipa. Halafu nikaacha kucheka. Mwanamume kamwacha, kamrushia maneno, na yeye kila asubuhi kabla hajapanda tramu anampigia bosi wake uongo ili mahali pake pasichukuliwe. Nikamwuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Kwa sababu akitaka kurudi, akute pa kurudi," akasema. "Shika ubao, mama, unaelea."

Nashukuru kwa huyu mwanamke. Kalamu ilisita kidogo hapa, lakini imeandika.

Tarehe 18 Novemba

Joto limerudi kama kiangazi, kabichi zitaharibika. Pavlina ananunua barafu kituo cha mafuta, anaifunga kwenye mifuko, anaizungushia pipa. Tumeongea sana. Ameniambia mwezi wa kwanza alipokuwa peke yake mjini alikuwa analia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, kisha ananawa, anatoka, anapiga kengele ya tramu. "Nilidhani mkija wote nitapumzika," akasema. "Mlipokuja, kila mmoja alikuwa ananikasirikia." Nilimkatia mkate nikampakia siagi nyingi.

Mezani: mimi, Pavlina, Velina.

Tarehe 20 Novemba

Nimekwenda kutupa taka. Kapka dirishani, kama kawaida.

"Ee wewe, mtu! Kuna Rangel unayemjua humu?"

Nikasimama. "Rangel yupi?"

"Sijui, ndiyo nauliza. Siku ile ya Malaika, mvua inanyesha, walikuja wanaume watatu. Mmoja mnene ameshika maua kama bwana harusi, wa pili chupa, wa tatu boksi la keki. Wanasoma majina kwenye kengele. Wananiuliza kengele ya Rangel wa ghorofa ya saba ni ipi, kahamia kutoka kijijini. Nikawaambia humu hakuna Rangel. Ghorofa ya saba ni Tsonev."

"Tsonev alihama!"

"Mlinena lini? Tangu Septemba nakuuliza wewe nani, unaniambia mtu!"

"Wakafanya nini?"

"Wakapiga simu, wakapiga simu. Wakasimama mvuani kitambo kizuri. Yule mnene akasema labda hataki wageni. Wakaenda zao. Maua waliyaacha hapo kwenye ngazi, nikayachukua. Yalikuwa mazuri, yamenikalia wiki nzima."

Mlango wa chini. Mungu wangu, mlango wa chini! Ule wa chuma, unaojifunga wenyewe, usiofunguka bila ufunguo. Kijijini una mlango mmoja, ukiufungua umefungua. Mimi nilifungua mlango wa ghorofa ya saba, nikauwekea na kiti, nikajisifu, na mji mzima ulikuwa umefungiwa nje.

Nilipanda ngazi kwa miguu, lifti sikuikumbuka. Pavlina alikuwa anasuka nywele za Velina. Nikawaeleza nikihema. Velina akatoa simu ya babake kwenye droo, akaichaji, ikawaka, ikaanza kutetemeka: Yulian, Yulian, Yulian, na namba nyingine mbili. Pavlina akakaa kitandani, mikono mapajani.

"Kwa hiyo walikuja," akasema.

Akampigia huyo Yulian, mwenzake Rangel wa ghalani, ndiye mnene. Sauti yake ilisikika chumba kizima. "Tulidhani anatuona hatumfai! Nikawaambia wenzangu, hebu achaneni naye, mama yake mgonjwa. Mama anaendeleaje?"

"Amefufuka," Pavlina akasema, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Kisha akanigeukia. "Nenda wewe, mama. Nikienda mimi itakuwa namburuta. Simtaki wa kuburutwa."

Nashukuru kwa Kapka na dirisha lake. Kesho nampelekea mtungi wa pilipili na kumwambia jina langu.

Tarehe 23 Novemba

Nimerudi kutoka Vrabchevo. Nilikwenda jana, nikalala, nimerudi leo.

Nyumba ilikuwa na moto. Ua limefagiwa, paa limezibwa pale konani. Ukutani kuni zimepangwa hadi dirishani, kuni za watu wanne kwa baridi nzima. Nilipoziona nikajua alichokuwa akingojea. Godoro langu lilikuwa limeanikwa, shuka safi.

Nikamwambia habari zote kabla sijavua koti: Yulian, maua, Kapka, Tsonev, mlango wa chuma. Alisikiliza ameshika kipande cha kuni. Alicheka aliposikia habari za maua, kisha akakaa kwenye kigoda akafunika uso, mabega yakatikisika. Nilimwacha. Nilimenya viazi.

"Basi, twende," nikasema baada ya kula.

"Siendi, mama."

"Si nimekwambia walikuja?"

"Nimefurahi walikuja. Kweli nimefurahi. Lakini sikuondoka kwa sababu ya wageni." Akawa anachokoa moto. "Hapa watu walikuwa wananijia mimi, kuwalimia, kuwatengenezea mashine. Kule nashuka kituo kisicho changu nazunguka kama kuku. Binti yangu ndiye ananielekeza njia. Pavlina anabeba watu mia mbili kwa safari, mimi nabeba soda. Ananionaje?"

"Umemuuliza?"

"Naona haya."

"Basi mwambie hivyo. Si hayo ya funguo ni zako, saa ni zako."

Akatia ukuni motoni. Halafu akasema kwa upole, na hapo ndipo paliponiuma: "Baki na mimi. Kitanda chako hiki, jiko lako hili. Hukuupenda mji hata siku moja."

Sitaficha. Usiku kucha nililala kwenye godoro langu, nasikia mbao za dari yangu zikilia ninavyozijua, na nilitaka kubaki. Tangu Septemba nilikuwa naomba hicho tu. Asubuhi nilikunywa chai dirishani, nikatazama barabara, hakuna aliyepita. Nikaanza kufunga mfuko wangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kesho mkeo yuko zamu ya alfajiri. Velina hawezi kula peke yake. Na kabichi inageuzwa."

"Mama, mimi ndiye mwanao."

"Ndiyo, wewe nimekuzaa, na nakupenda kuliko macho yangu. Lakini yeye ndiye anayeishikilia nyumba kwa mikono miwili, na mimi nina mikono miwili ya kumsaidia. Wewe una kuni nyingi. Ukizimaliza, au zikikumaliza, unajua tulipo."

Hakunisindikiza kituoni. Nililia ndani ya basi, mtu wa pembeni akanipa pipi ya mnanaa.

Pavlina alifungua mlango akaona nimebeba mfuko, nyuma yangu hakuna mtu. Akautazama mfuko muda mrefu.

"Nilidhani utabaki kwako," akasema.

"Nani angekushikia ubao?"

Akaniangukia begani pale mlangoni, na koti langu bado lina baridi. Sikumbuki kama niliwahi kumshika hivyo, hata siku ya harusi yao. Nikamwambia nilichotakiwa kumwambia zamani, kwamba mimi ni mama yake, na kwamba keki ile ilikuwa nzuri. "Uliila?" akauliza. Niliila, tarehe kumi, mchana, yote, peke yangu.

Nashukuru nina mahali pawili pa kurudi, na nilijua pa kwenda.

Tarehe 26 Novemba

Tumegeuza maji. Baridi imerudi, kabichi imepona, inang'ata ulimi vizuri. Kapka alikuja kunywa kahawa, akakaa mpaka jioni, akaniambia siri za jengo zima.

Tarehe 30 Novemba

Theluji ya kwanza. Rangel kimya. Velina ameacha kuniuliza. Pavlina bado anampigia bosi kila asubuhi, sasa nimepata homa ya mapafu.

Tarehe 2 Desemba

Theluji. Hakuna basi la kwenda wala kutoka Vrabchevo. Nashukuru zile kuni.

Tarehe 4 Desemba

Barabara imefunguliwa. Rangel amelala kwenye kiti, viatu miguuni, Velina kamfunika blanketi langu. Ni saa kumi alasiri. Naandika haraka, jinsi Pavlina alivyonisimulia jikoni muda mfupi uliopita, ameegemea friji na sare yake, mashavu mekundu.

Leo asubuhi alifika mwisho wa njia, akatangaza kwenye kipaza sauti kama kawaida, kituo cha mwisho, abiria wote washuke. Wakashuka. Kwenye kioo akaona mmoja amebaki, kofia ya manyoya, theluji mabegani.

"Nikatangaza tena: kituo cha mwisho! Akasema, 'Nimesikia.' Ndipo nikamjua kwa sauti. Moyo wangu, mama, ulitaka kutoka. Nikamwambia, 'Umesikia, basi shuka.' Akasema, 'Sishuki.'"

"Na wewe?"

"Nimsemeshe nini? Nina ratiba. Nikamwonyesha kile kibao, Usizungumze na Dereva. Akavua kofia, akaja kukaa kiti cha nyuma yangu. Tukaenda, tukarudi, tukaenda, tukarudi, zamu nzima. Tangu nianze kazi hii hajawahi kupanda tramu yangu hata mara moja. Akaniona namngoja yule mama mwenye magongo avuke. Akaona mlevi wa sokoni anavyonitukana. Akaona ninavyoshuka na fimbo ya chuma kuigeuza reli kwa mkono kwenye theluji, tramu ishike njia yake. Akasimama anisaidie, nikamwambia kaa, akakaa."

Gereji walipofika, abiria ni yeye tu. Pavlina akazima taa, akatoka kwenye chumba chake, akamwambia, "Sasa sema."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Sikujua unafanya haya yote.' Halafu akasema alikuwa ananionea haya, si kwamba ananichukia. Nikamwambia mimi nilikuwa namngoja, si kwamba simhitaji. Tukasimama pale kama wapumbavu, mafundi wanatutazama."

Akajifuta pua na mkono wa sare.

"Kisha tukatoka getini. Mama, pale getini kulia ni stesheni ya mabasi, kushoto ni huku kwetu. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Makusudi. Nilitaka atangulie, nione anaelekea wapi."

Nilikuwa nimeshika kijiko, sikumbuki cha nini.

"Akaenda kushoto," Pavlina akasema. "Na hakuniuliza njia."